Bonge wa Maganzo

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Nakusihi, haya yabaki kwako, maana watu nitakaokusimulia hawakukamatwa. Bibi yako hajambo, ila magoti. Mimi nimechoka tu.

Unauliza kwa nini kila mahali ni Bonge: baa, bucha, basi, hata mwanamuziki wako. Mimi pia nilikuwa Bonge. Nilikuwa karani wa mnunuzi wa almasi, mwembamba kama ufito, wakanitania hivyo. Siku moja wakaingia ofisini wanaume wenye mapanga.

"We kijiti, Bonge mwenye funguo za sefu yuko wapi?"

Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. "Bonge yupi, kaka? Wa bucha, wa baa au wa bendi?"

"Mji mzima Bonge!" Wakatoka wakibishana waanzie wapi.

Jina la wengi lilinificha. Kwa hiyo ukishuka Maganzo, usiulizie Bonge. Ulizia kwa Baba Mageni, ndivyo ninavyoitwa sasa kwa jina la mama yako, nyuma ya mashine ya kusaga.