Unga wa Kwenye Kahawa

Jumamosi, Bagamoyo. Joto limeshika tangu asubuhi, na humu ndani hakuna anayesema na mwenzake.

Mume wangu kaninunia. Haya, na aninunie.

Ana ugonjwa wa moyo. Kifua kikimbana huweka kidonge chini ya ulimi, akatulia. Jana baada ya sala ya Ijumaa kilimbana, akaweka kidonge, mara macho yakageuka, jasho likamtoka, akaanguka pale pale sebuleni. Wallahi nilijua nimeshakuwa mjane.

Hospitali tukapokewa na daktari, binti wa rika la mwanetu wa mwisho. Mume wangu alipozinduka, daktari akamwamkia shikamoo, akamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia. Mume wangu akajibu hapana, tena kwa sauti kavu.

Na kwa akili yake hakudanganya. Dawa kwake ni kidonge. Ule unga anaonunua kwa muuza mizizi wa Msata, anaokoroga kwenye kahawa, kwake ni kiungo tu, kama tangawizi.

Unga wenyewe ni wa nguvu za kiume. Na mimi niseme kweli, sikuwa nikilalamika. Tulikuwa kama ndio kwanza tumetoka fungate.

Basi nikamwambia daktari habari ya ule unga, na kazi yake. Mume wangu akageukia ukutani.

Daktari hakucheka. Akatueleza kuwa unga mwingine wa namna hiyo hutiwa kwa siri vidonge vya nguvu za kiume, na vidonge hivyo vikikutana na kile cha chini ya ulimi, presha hushuka ghafla, mtu anaweza kufa. Hata vile vya duka la dawa asiviguse. Na kama ameshameza kitu cha aina hiyo kisha kifua kikambana, asiweke kidonge. Akimbizwe hospitali, na aseme alichomeza.

Walimlaza, asubuhi hii wameturuhusu. Tulipofika nyumbani ndipo akafungua mdomo: nimemvua nguo mbele ya mtoto.

Nikamwambia, "Bora nimekuvua mimi, ungali hai, kuliko kuvuliwa na waosha maiti."



Unga nimeumwaga chooni. Daktari amesema zipo njia nyingine, turudi tuzungumze, na nitamburuta ikibidi. Hiyo ni baadaye. Usiku wa leo tutalala kama kaka na dada.

Lakini tutalala wawili.