Wamemsafisha Marehemu

Swahiba, kifo kilimfuta mke wangu, na sasa hawa wamemfuta mara ya pili!

Lile andiko lake la kukata kola, kule kwenye kundi la mafundi cherehani mtandaoni, ninalolisoma kila nikimkumbuka. Leo nafungua, vipimo vipo, yeye hayupo! Ule utani wake, "mzee wangu ana shingo ya kobe, kola inammeza mzimamzima," wameutoa. Na jina lake bado liko juu.

Namuuliza msimamizi, ati, "Tumelisafisha, mzee. Tumeondoa yasiyohusu ushonaji."

Tumelisafisha! Yasiyohusu! Wakubwa ndivyo walivyo, cha mtu wanakishika bila hodi.

Nikamsihi alirudishe. Anasema la zamani halikuhifadhiwa.

Nimekaa hapa najaribu kuliandika upya, swahiba. Yanakuja maneno yangu tu. Yake hayaji.