Barua ya Jumatatu Usiifungue

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Goti la mama linaendeleaje? Na shemeji amemaliza kuvuna? Mimi hapa Dodoma mwili hauna neno, ila nafsi inanisuta wiki nzima. Nimekupigia mara mbili, ukaitika, nikaishia kuuliza habari za mahindi. Ndiyo maana naandika.

Daftari langu la siku linasema: Jumatatu, saa nne asubuhi, nimetuma barua pepe moja kwa wote wanaotafuta mtoto hapa kliniki, kuwajulisha kwamba daktari amebadili siku. Nilikwisha kuonyeshwa mahali pa kuweka anwani ili mpokeaji asiwaone wenzake. Sikupatumia. Unajua mama alivyotulea: ukiingia nyumbani kwa watu, msalimie kila mmoja, mkubwa kwanza, usimruke mtu. Niliona kuwaficha ni kama kunong'ona mbele za watu. Nikazipanga anwani zote wazi, wakubwa juu. Na anwani nyingi ni majina kamili ya watu. Lako ni la tano.

Kabla ya saa sita mama mmoja akapiga simu. "Binti, umetuanika kama makopa ya muhogo juani! Mume wangu hajui!" Nikamwomba radhi. "Radhi yako itafuta walichosoma?" Akakata.

Kisha akapiga mtu wa Kilole, huko huko kwenu, anacheka: "Kumbe Mwanahawa wa Mazingara naye yumo?" Nikakata simu. Wakwe zako mliwaambia mnakuja Dodoma kunisalimia tu. Mama mkwe akisikia kwa watu, ni mimi niliyempelekea habari. Mkiamua kumwambia wenyewe mapema, lawama yote nitupieni mimi.

Nimewaandikia wote, mmoja mmoja, kuomba radhi na kuwasihi waifute ile barua pepe. Sasa anwani zinafichwa, na mwenzangu anakagua kabla sijatuma. Mkuu wangu hakunigombeza. Afadhali angegomba.

Mama mpe shikamoo yangu, na shemeji mwambie nasubiri hasira yake, ni haki yake. Bibi msalimie bila kumweleza kitu.

Najua barua pepe zako huzifungui mpaka ufike Korogwe mjini. Ile ya Jumatatu bado inakusubiri. Nakuomba, ifute bila kuifungua. Na huyo mtu wa Kilole usiniulize ni nani. Naye yumo kwenye orodha, dada, na siri yake nimekwisha kuitoa mara moja.

Mdogo wako asiyejua atakutazamaje,
Zaina