Ukurasa Usiokuja Kwenye Mtihani

4 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Natumaini mu wazima, wewe na mume wako, na kwamba goti la mjukuu wangu limepungua uvimbe. Mimi sijambo, ila mgongo.

Nimesikia daktari amesema damu ya mtoto haigandi. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Jeni yenye kasoro hiyo mvulana huipata kwa mama yake, baba hahusiki. Nimechora mti wa ukoo wenu: mwanamke ni duara, mwanamume ni mraba, mgonjwa hutiwa wino mweusi. Kaka yako aliyefariki mdogo nimemtia wino. Jumapili niliwaonyesha wote mezani, wakaelewa vizuri; mchoro wenyewe nakuletea humu. Sikulaumu, mwanangu, lakini mngetuambia kabla ya ndoa.

Baba mkwe

19 Julai

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukujibu kwa karatasi za maabara, si kwa machozi.

Wamepima damu yangu na ya mama yangu. Hatuna kasoro hiyo. Mtoto anayo peke yake. Daktari alipojua kwamba nasahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji, alinieleza hivi: ni kama mstari mmoja wa kitabu umejinakili wenyewe, nakala ikahama, ikajipachika katikati ya sentensi nyingine, na sentensi hiyo haisomeki tena. Ndiyo sentensi ya kugandisha damu. "Hakuna aliyeileta," alisema.

Kaka yangu alikufa kwa surua, Baba. Hukuniuliza. Tangu Jumapili ile dada yako ananiita Mama Wino, na watu wanacheka. Mchoro wako naurudisha humu.

Mkwe wako

2 Septemba

Mwanangu,

Nakusalimu, ingawa sijui nitoe wapi uso wa kukuuliza hali.

Nilikuwa nayajua haya. Hiyo ndiyo aibu yangu. Yamo katika kitabu cha darasa la mwisho, ukurasa mmoja, na picha ya hindi lenye punje za madoadoa. Ni vipande vya DNA vinavyohama: vingine hujing'oa na kujipachika kwingine, vingine hubaki mahali pake na kutuma nakala. Karibu nusu ya urithi wetu sote ni mabaki ya vipande hivyo, na mengi yamelala. Mara chache sana kimoja huamka, pengine ndani ya yai kabla mimba haijatungwa, kikatua juu ya jeni inayohitajika. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi, "Huo uacheni, hauji kwenye mtihani." Nikafeli mimi, na adhabu ukapewa wewe.

Unaona, bado naeleza. Naeleza ili nisiseme. Basi niseme: nilikusingizia, na nikamsingizia marehemu.

Niliukwangua ule wino kwa wembe. Karatasi ikatoboka pale alipo kaka yako. Jumapili nikaiinua mezani vilevile ilivyo, nikawaambia nilikosea. Dada yangu akaja juu: "Sasa Mwalimu, kama si yeye aliyeuleta ugonjwa, ni nani? Lazima awepo!"

"Wa ugonjwa hayupo," nikamwambia. "Wa uongo yupo, ndiye huyu amesimama."

"Na Mama Wino je?"

"Mwenye wino ni mimi. Ukitaka kuita, niite mimi."

Hakucheka mtu.

Nakuletea karatasi. Usipojibu, nitaelewa.

Baba

21 Septemba

Baba, shikamoo.

Karatasi imefika. Kazini tuna gundi ya kuungia kurasa zilizochanika. Nimebandika kipande cheupe nyuma ya kile kitundu, na juu yake nimeandika jina la kaka yangu.

Sindano za mtoto ni kila Jumatano asubuhi. Huwa anataka ashikwe mikono yote miwili, na baba yake anakuwa kazini. Mmoja naushika mimi.

Njoo mapema. Usimweleze kitu, mshike tu.

Mwanao