Mkono wa baba na saa yake ya kuzamia

Alhamisi. Baridi ya kusi imeingia hadi ndani; asubuhi mafuta ya nazi yalikuwa yameganda chupani. Moyo nao ni mzito. Afadhali niandike, maana nikifungua kinywa leo nitalia.

Wanaonisoma wanajua kwamba baba alipata kiharusi. Kwa asiyejua: baba yangu ni mzamiaji. Miaka yote amekuwa akiwashusha wageni wa Diani chini ya bahari na kuwarudisha juu salama. Sasa yuko nyumbani hapa Gazi, mkono wa kulia hauna nguvu, na kesho baada ya swala ya Ijumaa Bwana Hemedi, mwenye boti, atakuja kumtazama. Msimu wa wageni unakaribia. Ama baba arudi kazini, ama nafasi yake apewe mtu mwingine.

Lakini baba alikwisha kujiwekea mtihani wake mwenyewe.

Saa.

Ni saa ya kuzamia ya zamani, nzito, aliyopewa na mzamiaji aliyemfunza kazi. Haina betri, hujijaza kwa mwendo wa mkono wa anayeivaa. Tangu baba awe mtu wa kitini, inasimama kila mara, na lazima ifunguliwe, itiwe ufunguo, iwekwe majira, kisha ifungwe. Kufunga ndiko kwenye kazi. Kile kifungo cha pembeni, cha kuijazia saa na kuzuia maji, hukazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, na meno yake yamelika kwa uzee. Kikiingia upande, meno yanaharibika na maji yanapita. Spea zake hazipatikani tena, hata Mombasa.

"Nikiifunga mwenyewe, narudi baharini," aliniambia juzi. "Nisipoweza, basi."

Shangazi, dada yake, humkanda mkono kila asubuhi kwa mafuta ya nazi. Leo kwa huruma zake akaona saa nayo yataka dawa, akakipaka kifungo mafuta yale yale. Sisi ndivyo tulivyo. Bawaba ikilia, nazi. Goti likiuma, nazi. Sasa hata saa. Yakaganda mle kwenye meno pamoja na mchanga. Nilicheka, kisha nikakaa na mswaki laini nikasugua pole pole na kupangusa kwa kitambaa kikavu. Ndicho kicheko changu pekee cha leo.

Baba akaichukua. Namna ya kufunga anaijua kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyenifunza nikiwa shule ya msingi. Kibonyeze kifungo kidogo tu, kikae wima. Kwanza kizungushe kinyume, taratibu, hadi uhisi kimeshuka: hapo meno yamekutana. Ndipo ukizungushe mbele kwa ncha za vidole. Kikigoma, usishindane nacho, rudi uanze tena. Kikitulia, acha, usikikaze zaidi.

Maneno anayo yote. Vidole ndivyo havihisi.

Alizungusha kinyume. Nilikiona kifungo kikishuka. Yeye akaendelea, akapapasa, akazungusha tena, akapapasa tena. Halafu akaniinulia macho.

"Kimeshuka, mwanangu?"

Maishani mwangu baba hajawahi kuniuliza jambo la kazi yake. Hakungoja nijibu. Akazungusha mbele, kikashika, uso ukamkunjuka.

"Umeona? Alhamdulillahi."

Kifungo kilikuwa kimelala upande. Palikuwa na mwanya ambao ukucha ungeingia.

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani sana kunyamaza. Lakini niliwaza mgeni aliyeishiwa hewa kule chini, akiungoja mkono ule umfungulie mtungi, na nikamwaza baba mwenyewe asiporudi juu. Nilichukia kwamba ni mimi niliyekuwa nimeketi pale na si mtu mwingine.

"Baba, kimekaa upande."

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Aliisogeza saa karibu na macho, akaitazama kwa muda, kisha akaniwekea kiganjani.

"Funga wewe."

Nikakirudisha nyuma, nikakibonyeza, nikazungusha kinyume. Kikashuka, nikakihisi waziwazi. Nikakipeleka mbele hadi kikatulia. Ilikuwa rahisi mno, na urahisi ule ndio ulionichoma. Meno hayakuwa yamekatika, namshukuru Mungu.

Nikamrudishia. Hakuivaa.

"Mpigie Hemedi," akasema. "Mwambie asijisumbue kuja. Nafasi ampe mwenzangu." Kisha akamwomba Shangazi chai.

Simu iko mbele yangu, na namba ya Bwana Hemedi nimekwisha kuitafuta. Nimeandika haya yote ili nisipige.

"Umeshamwambia?" Baba anauliza kutoka chumbani.

"Bado, baba."

Kisha, kwa sauti ndogo nisiyoizoea:

"Basi mwambie kabla sijabadilisha nia."