Mama, Shuka Chini

Mdogo wangu Verlin,

Nyanya zimeiva. Mama hajambo, ila mkono bado uko kwenye plasta. Jumanne kimbunga kilipoupiga mji wetu hapa Nebraska, alikuwa mbele ya runinga. Matajiri walionunua stesheni yetu ya runinga huleta utabiri wa hali ya hewa kutoka Dallas, ukiwa umerekodiwa tangu asubuhi. Mtangazaji alitabasamu, akasema jioni itakuwa shwari.

“Verlin angeniambia, ‘Mama, shuka chini sasa hivi!’” alinililia hospitalini.

Miaka ishirini ulimwambia hivyo hewani, ukitangaza hali ya hewa. Mji mzima ulicheka, na mji mzima ulishuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi.

Mama anadhani matajiri hao ndio waliokufukuza kazi. Waliponitaka mimi meneja nitoe jina moja la mtu wa kupunguzwa kazini, nilitoa lako, watu wasije wakasema nakubeba.

Kaka yako,
Duane