Spika Zangu na Risiva ya Bi Mkubwa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Risiva imezima tena. Mara ya tatu leo.

Warda anatoka ndani na shela lake, wanawake wanapiga vigelegele — pap! Kimya. TV inaonyesha midomo tu. Nikipunguza sauti inakubali, lakini harusi ya mwanangu wa pekee sitaitazama kwa kunong'onezwa. Na Jumapili nimealika kikundi chetu kizima, wanawake ishirini na wawili, waje kuona video. Nimeshatamba kwamba nina hom thieta. Nani alinituma kutamba?

Spika zenyewe nzuri, ndefu, zinanifika kifuani. Mume wangu Saadi alileta seti mbili kutoka Dar baada ya kuuza ufuta. Moja yangu hapa Kibiti, moja ya Bi Shufaa, mke mkubwa, kule Ikwiriri. Nimempigia Saadi simu. Kasema nisifungulie sauti sana. Ahsante kwa ushauri.

Jumatano, 13 Agosti

Kaja fundi Haidari. Kageuza spika, kasoma kibandiko cha nyuma. Kasoma na cha risiva. Kacheka. Sipendi fundi anayecheka.

Kasema spika zangu ni za omu nne, zinavuta umeme mwingi. Risiva yangu ndogo, haiziwezi. Ikizidiwa inajizima isiungue. Si mbovu, inajiokoa. Kisha kauliza nani aliyeziweka pamoja.

Nimembana Saadi kwenye simu mpaka kasema. Dukani kulikuwa na seti mbili, kubwa na ndogo. Akaona mmoja wetu akipata kubwa, mwingine atanuna. Basi akachanganya — mimi spika kubwa na risiva ndogo, Bi Shufaa risiva kubwa na spika ndogo. Ili kusiwe na malalamiko, kasema, tena kwa fahari! Mwanamume kagawa haki kwa mizani ya ufuta, na nyumba zote mbili hazina sauti ya maana.

Risiva ninayoitaka iko Ikwiriri, basi. Kwa mwanamke niliyempelekea kadi ya harusi kwa mkono wa Saadi, asije, asilete hata salamu. Mama mkubwa wa bi harusi! Saadi alisema kagoma. Nikamwombe mimi? Hapana.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda.

Bi Shufaa kafungua mlango, kanitazama, kaniuliza nani kafa. Nikasema hakuna msiba, nimefuata habari ya risiva. Halafu kanikaribisha, kaniwashia yake nisikie. Risiva ina nguvu za ajabu, na vile vispika vyake vinakwaruza mpaka meno yanauma. Alidhani kauziwa vibovu. Nikamweleza maneno ya Haidari na hesabu ya Saadi. Akacheka! Sikuwahi kumsikia akicheka.

Kisha, mikono ikiwa kwenye ungo wa mchele, kasema taratibu kwamba kwenye mashine anakumbukwa, kwenye harusi hakukumbukwa.

"Kadi nilimpa Saadi," nikasema.

Kaweka ungo chini. "Kadi gani, mdogo wangu? Mimi kaniambia mnafunga ndoa tu, hamwiti watu."

"Mimi kaniambia umegoma, dada."

Miaka ishirini na mitatu tumekuwa wake wenza, na salamu zetu zote zimepita kinywani mwa mtu mmoja. Niliona aibu, nasema kweli. Sikuwahi hata kuiomba namba yake ya simu. Leo ninayo.

Tumekubaliana hivi: seti kubwa itakuwa mwezi kwangu, mwezi kwake, na ndogo itakwenda kinyume chake. Zitahama kama anavyohama Saadi. Na Jumapili anakuja, anakaa mbele. Saadi hatumwambii.

Nimerudi na risiva kwenye mapaja njia nzima, nimeikumbatia. Konda kataka kuiweka kwenye buti. Nimemtazama tu, kaacha.

Ijumaa, 15 Agosti

Haidari kaunga. Vigelegele vyote vimepita, haikuzima! Vioo vya dirisha vimetetemeka. Jirani kaja kuuliza kwangu kuna harusi ya nani tena.

Nimeishia hapo hapo. Iliyobaki naiona na Bi Shufaa. Nimeshinda. Nalala nacheka peke yangu.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika jikoni, sufuria ya pili ya wali inaiva.

Kikundi kimejaa sebuleni. Bi Shufaa alipoingia walitazamana. Nikawaambia: mama mkubwa wa Warda, mpisheni mbele. Katoa machozi alipomwona Warda na shela. Kanishika mkono mbele ya watu wote. Na sauti! Bangili zinasikika. Mama Semeni, ambaye siku hizi hasikii vizuri, kasema leo anasikia mpaka nguo.

Saadi katokea sasa hivi. Zamu yake ilikuwa Ikwiriri, kakuta mlango umefungwa. Kasimama mlangoni, viatu mkononi, anatutazama wakeze kwenye kochi moja. Hakuna aliyempisha. Nimekimbilia wali.

Video imefika upande wa wanaume, kwenye turubai lao, ambako sisi wanawake hatukuwepo. Baba wa bi harusi kashika maiki. Kutoka jikoni nasikia kila neno, hata pumzi yake. Anashukuru wageni.

Saadi wa mlangoni kaomba sauti ipunguzwe. Anasema kichwa kinamuuma.

Rimoti anayo Bi Shufaa. Kaongeza.

Mke wangu mkubwa anawasalimu sana, anasema Saadi wa kwenye TV. Alitamani kuwa nasi leo, lakini amelazwa Utete, tumwombee —

Wali acha uungue. Nakwenda kumwona Saadi usoni.